Amana katika Zabuni za Serikali

Wapo wanaodhani kwamba dini huishia mlangoni mwa msikiti, na kwamba anayeiuzia Serikali chakula, saruji au madawati yumo katika dunia nyingine yenye kanuni zake. Kurani Tukufu haiujui mgawanyo huo. Katika Sura ya 4, aya ya 59 (mwenye Msahafu usiohesabu Bismillahi ataikuta ni ya 58), Mwenyezi Mungu aamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, kisha papo hapo awaamuru wanaohukumu baina ya watu wahukumu kwa uadilifu. Basi afisa anayechagua mzabuni ahukumu baina ya watu, na fedha iliyo mkononi mwake ni amana ya wananchi ambao wengi wao hatawaona kamwe.

Juu ya rushwa, Sura ya 2, aya ya 189, yakataza kula mali kwa batili na kuipeleka kwa watawala ili kujipatia mali ya wengine kwa dhuluma. Neno la Kiarabu lililotumiwa hapo, tudlu, asili yake ni kuteremsha ndoo kisimani. Tazama lilivyo sahihi! Hakuna ateremshaye ndoo ili aipoteze. Huiteremsha tupu apate kuivuta imejaa. Mkandarasi atoaye asilimia kumi hatoi mfukoni mwake. Ataivuta kwa kupunguza saruji katika zege, na ukuta ukipasuka, walio chini yake ni watoto wa shule.

Wengine hujitetea kwamba hawakuomba, walizawadiwa tu. Hoja hii ni kongwe. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka ya Banu Sulaim. Aliporudi akaitenga mali: hii ni yenu, na hii nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi ingemfikia huko. Habari hii imo katika Sahihi Bukhari. Kipime kwayo kikapu cha Idi anachopelekewa mkuu wa ununuzi: akistaafu kesho, kitaendelea kuja?

Nchini Tanzania, sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji na mpokeaji pia. Lakini mara nyingi hakuna shahidi. Ndugu mmoja aliyeingia Jumuiya karibuni alikuwa akiipelekea shule maharage. Mtunza ghala alimtaka alete magunia 90, na hati iandikwe 100, wagawane tofauti. Akaja kuniuliza, kwani alikuwa na deni na watoto wanne. Nilimfungulia Sura ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Hakuitia sahihi hati ile, na mwaka uliofuata zabuni hakuipata. Sikumwahidi kwamba angepata nyingine. Ahadi hiyo sikuwa nayo. Sasa auza maharage yake sokoni, kwa rejareja, na deni bado alilipa kidogo kidogo.