Sandwichi ya Mboga Mbichi kwa Siku ya Mandari



Wengi wetu twadhani kutengeneza sandwichi ya mboga si jambo la kufundishwa. Mkate, nyanya, basi. Nami nilidhani vivyo hivyo, mpaka siku moja nilipokuwa kidato cha pili katika shule moja ya Mbarara, mama alipokuja kunitazama siku ya wazazi.

Alitoka Nakivale alfajiri. Asiyepajua, Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, yaliyofunguliwa mwaka 1958, na sisi tuliotoka Kongo tu wengi huko, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Njia ina vumbi, na jua la Julai ni kali. Wenzangu waliletewa kuku na pilau. Mama alifungua mfuko wake, tukakuta mkate umelowa hata umekuwa kama uji mwekundu. Nyanya zilitoka katika kijishamba chake, bali mkate aliununua kwa fedha. Niliula wote wala sikusema neno, lakini niliona jinsi alivyogeuza uso kando.

Kosa lilikuwa nini? Mmekwisha kufanya lile jaribio la kipande cha kiazi katika maji ya chumvi. Kiazi hulegea, kwa kuwa chumvi huvuta maji kutoka ndani yake. Nyanya na tango ni maji zaidi ya sehemu 90 katika 100. Mama alikuwa amekata nyanya nyumbani, akazitia chumvi, akazifunika kwa mkate. Kwa muda wa saa tatu za safari chumvi ilivuta maji, na mkate ukayanywa. Tulikuwa tumejifunza jambo hilo muhula uleule, nami sikulikumbuka mpaka usiku, kitandani.

Basi sikilizeni nifanyavyo sasa. Kwa watu wawili chukua vipande vinne vya mkate wa jana, maana mkate wa leo ni laini mno. Vikaushe kidogo juu ya kikaango kisicho na mafuta. Tafuta parachichi moja lililoiva, nyanya moja ngumu, nusu ya tango, karoti, kitunguu kidogo na limau.

Katika kuosha usifanye haraka. Mboga iliwayo mbichi haipiti motoni, kwa hiyo uchafu wa shambani huingia nao tumboni: mayai ya minyoo, homa ya matumbo, hata kipindupindu. Maji ya ziwani, au ya dumu usilojua lilikotekwa, hayafai mpaka yachemshwe au yatiwe dawa ya kusafishia maji. Najua kuni ni ghali, na wanaopanga foleni bombani watasema huyu anaharibu maji. Lakini birika moja latosha. Osha mikono kwanza kwa sabuni, kisha osha mboga zikiwa nzima, kabla kisu hakijazigusa, uzifute kwa kitambaa safi hata zikauke.

Parachichi liponde pamoja na limau, nalo halitakuwa jeusi upesi. Lipake juu ya kila kipande cha mkate, mpaka pembeni kabisa. Mafuta yake huzuia maji yasipite, kama bati juu ya nyumba. Rafiki yangu mmoja Mnyankole alinishauri nitumie eshabwe. Ni tamu kweli, lakini ni mchuzi. Ibaki na matoke yake.

Karoti ikwaruzwe, tango na kitunguu vikatwe vyembamba. Nyanya ikatwe, mbegu zake za majimaji ziondolewe, na iwe katikati, isiguse mkate. Chumvi nyunyiza mwisho, mtu akiwa tayari kutia mdomoni.

Na kama mwendo ni mrefu, au mnakwenda mandari ziwani, usikate kitu nyumbani. Mboga iliyokatwa ikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili huanza kuharibika. Chukua mkate mkavu ndani ya karatasi, mboga nzima zilizooshwa, kisu safi, na chumvi kidogo iliyofungwa peke yake.

Likizo ile nilimweleza mama habari ya kiazi na chumvi. Alicheka, akaniuliza kwa nini shule haikufundisha jambo hilo mapema. Siku ya wazazi iliyofuata alikuja na mfuko uleule. Aliketi chini ya mti, akanawa kwa maji ya chupa aliyoyachemsha, akaanza kukata mbele ya watu. Mwenzangu mmoja mwenye paja la kuku alisimama akitazama, kisha akaomba tubadilishane. Nilimpa nusu, nikachukua paja. Mama akasema nimwongeze na kitunguu.