Upele wa mtoto una majina matatu, dawa ina jina moja

Wadogo zangu, mama mmoja wa Pweto ameniandikia kwamba mtoto wake alitoka vipele, na munganga wa kituo cha afya akaandika gale kwenye fishi. Wiki iliyofuata wakavuka kwenda kwa shangazi yao Chiengi, upande wa Zambia, na kliniki ya kule ikaandika scabies. Nyumbani bibi anasema ni upele tu, utaisha wenyewe. "Yaya, mtoto wangu ana magonjwa matatu?"

Hapana, mdogo wangu. Ana ugonjwa mmoja, nao ni ule ule aliousema bibi. Ila bibi amekosea jambo moja: upele hauishi wenyewe.

Najua swali hili si la mama huyu peke yake. Anayeishi kando ya ziwa Mweru anatibiwa kwa Kifaransa upande huu na kwa Kiingereza upande ule. Waliokimbia vita vya Pweto mwaka 2000 wakafikia kambi ya wakimbizi ya Kala, huko Zambia, wanalijua, na walioingia kambi ya Mantapala, huko huko, kuanzia 2018 wanalijua vilevile. Wapo hata waliopelekwa Marekani, ambako karatasi za kliniki nyingi hutolewa kwa Kiingereza na Kihispania, na kwa Kihispania upele unaitwa sarna. Jina likibadilika, mtu anadhani ni ugonjwa mpya, anatupa dawa ya kwanza na kununua nyingine. Pesa inakwisha na mtoto bado anajikuna.

Kwa hiyo anza na ngozi yenyewe. Mtoe mtoto kwenye mwanga wa mchana, ushike mkono wake, utenganishe vidole kimoja kimoja. Tazama katikati ya vidole, kisha kwenye kifundo cha mkono, kiunoni na matakoni. Kwa mtoto mchanga tazama pia viganja na nyayo. Unatafuta mstari mwembamba uliopinda, usiofika hata urefu wa ukucha wa kidole chako, wenye kijidoti kwenye ncha moja. Hapo mdudu jike amechimba ndani ya ngozi anataga mayai. Ni mdogo mno, hafiki hata nusu milimita. Kisha uliza kuhusu usiku: mwasho wa upele huzidi mtoto akishalala, na mara nyingi ndugu anayelala naye kitanda kimoja naye hujikuna.

Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa. Ndiyo maana kumpaka dawa mtoto mmoja ni kazi bure. Dada yake haumwi leo, lakini anao. Nyumba nzima itibiwe siku moja, hata baba anayesema hawashwi, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, yaanikwe juani. Dawa nyingi hurudiwa baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo muulize munganga siku ya kurudia kabla hujatoka. Na msione haya. Zaidi ya watu milioni 200 duniani wana upele wakati wowote ule, na si kwa sababu mama zao ni wachafu.

Sasa wale wenye duara. Kama alama ni ya mviringo, ukingo wake una magamba na katikati panaanza kupona, hiyo ni choa, na ikiwa kichwani ni mapunye. Fishi ya Pweto itasema mycose au teigne. Ng'ambo wataandika ringworm, na jina hilo limewapoteza wengi, kwa sababu ndani yake kuna neno la mnyoo. Hakuna mnyoo wowote, ni kuvu. Vidonge vya minyoo havitasaidia kitu. Na mapunye ya kichwani hayaponi kwa pomadi peke yake, yanahitaji vidonge vya kuua kuvu ambavyo munganga atapima kwa uzito wa mtoto.

Sehemu ninayoiogopa zaidi ni ya malengelenge. Kwa Kifaransa, variole na varicelle yanakaribiana sana mdomoni, nasi nyumbani tunaita yote ndui. Ndui yenyewe, variole, imekwisha duniani: mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida aliugua Merka, Somalia, mwaka 1977. Varicelle ni tetekuwanga. Lakini kuna mpox, na hiyo ni yetu kabisa. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa nayo alikuwa mtoto wa huku kwetu Kongo, mkoa wa Équateur, mwaka 1970. Tetekuwanga hutoka kwa mafungu, utaona vipele vipya, malengelenge na makoko pamoja, hasa kifuani na mgongoni. Mpox mara nyingi huja na homa na tezi zilizovimba shingoni au kinenani, malengelenge hufika viganjani na kwenye nyayo, na katika sehemu moja ya mwili huwa yamekomaa pamoja. Ukiona hivyo, usikae kubishana kuhusu jina. Mtenge mgonjwa na wengine, kisha peleka habari kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na surua, rougeole kwa Kifaransa, usiingojee iwe nyekundu. Vitabu vingi vya udaktari viliandikwa vikiangalia ngozi nyeupe. Mwanafunzi mmoja wa udaktari London, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, aliliona pengo hilo, na mwaka 2020 yeye na walimu wake wakatoa kitabu cha dalili kwenye ngozi nyeusi. Kwa mtoto wetu wekundu unaweza usionekane. Pitisha kiganja usoni na nyuma ya masikio uhisi ukwaruzo, na uangalie homa, kikohozi na macho mekundu.

Nimesema majina ya magonjwa yanabadilika. La dawa halibadiliki hivyo. Tangu 1953 Shirika la Afya Duniani linatoa jina moja la kimataifa kwa kila dawa, na huwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la kampuni. Ivermectine ya Pweto ni ivermectin ya Nchelenge, upande wa Zambia, perméthrine ni permethrin. Mwombe munganga akuandikie jina hilo kwa herufi za kusomeka, pamoja na kipimo. Si kumkosea heshima.

Jina hilo hilo litakuokoa sokoni. Ukisoma clobétasol au bétaméthasone kwenye tyubu uliyoshauriwa na jirani, usimpake mtoto. Ni dawa kali ambazo wengine hujipaka ili wawe weupe. Juu ya choa hutuliza mwasho siku chache huku kuvu ikienea chini kwa chini, na munganga akija kutazama, duara limeshapotea na hawezi tena kuitambua. Kama umeshaipaka, nenda nayo tyubu yenyewe, umwonyeshe.