Mlio Masikioni: Chanzo na Tiba Yake
Mlio unaosikika masikioni pasipo sauti yoyote nje si ugonjwa, bali ni dalili. Huweza kusababishwa na nta iliyoziba sikio, maambukizi, dawa kama kwinini, au kelele za muda mrefu, mathalani za mashine za kusaga nafaka. Nta iondolewe na mhudumu wa afya. Njiti huweza kutoboa ngoma ya sikio. Seli za kusikia zilizokufa kwa kelele hazioti tena. Hivyo wafanyakazi wa mashine wavae vizibo vya masikio. Mlio usiokwisha hupunguzwa kero kwa sauti ndogo ya redio wakati wa kulala. Usikivu ukipotea ghafla, mgonjwa afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo; tiba ikichelewa, usikivu huenda usirudi.