Somo la Gari: Kutoa Dinamo na Kutia Alteneta



Tumezoea kusomeshana habari za mikarafuu, uchumaji na uanikaji. Leo twasema habari za gari, kwa sababu karafuu iliyokaushwa vizuri haitufai kitu ikiwa imelala njiani, mvua inanyesha, na gari haliwaki. Wengi wetu tungali na Land Rover za zamani. Zile za kabla ya Series III, iliyoanza mwaka 1971, kwa kawaida zilitoka kiwandani na dinamo.

Tuchukue mfano wa mbali, Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Nchi ile iko baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari. Ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi. Mwezi wa Juni na Julai alfajiri yake ni baridi kali. Betri ikipata baridi nguvu zake hupungua, na mafuta ya injini huwa mazito. Basi dosari ambayo huku kwetu hufichwa na joto, kule hudhihirika mara moja. Husemwa kuwa maana ya jina Sumbawanga ni "tupa uchawi". Nasi tuutupe: betri inayokufa kila asubuhi haikurogwa, bali haikulishwa.

Hebu tupige hesabu. Gari linatoka Sumbawanga usiku wa mvua kuteremka Kasanga. Taa kubwa 2 za wati 45 ni wati 90. Taa ndogo ni wati 20. Waipa ni kama wati 40, na mfumo wa kuwasha cheche wati 40. Mwenyewe ameongeza taa 2 za ukungu za wati 55, yaani wati 110. Jumla ni wati 300. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 25. Dinamo ya Lucas C40 hutoa ampea 22 tu, tena injini ikienda mbio. Gari likinasa topeni, injini ikiwa silensa, dinamo haitoi kitu cha maana, na mzigo wote huangukia betri. Betri ya ampea-saa 50 kwa hesabu ya karatasi itamalizika kwa saa 2, na kwa kweli itashindwa kuwasha injini kabla ya hapo.

Alteneta haina udhaifu huo. Ndani yake sumaku ndiyo izungukayo, na umeme mwingi hutoka katika nyaya zilizotulia. Kwa hiyo inaweza kuzungushwa kwa kasi zaidi, nayo huchaji hata injini ikiwa silensa. Lucas 18ACR hutoa kiasi cha ampea 45. Kwa mzigo wetu wa 25 yatosha, na akiba inabaki.

Sasa twende kazini, kwa utaratibu huu:

1. Fungua nyaya za betri kabla ya kugusa kitu chochote.

2. Tazama ni ncha gani ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya zamani yalifunga ncha chanya. Ni lazima igeuzwe, hasi iende kwenye bodi, na nyaya za koili zibadilishwe nafasi. Ukisahau, daiodi za alteneta zitaungua papo hapo. Redio ya zamani nayo ichunguzwe.

3. Kisanduku cha zamani cha kudhibiti chaji kiondolewe katika njia ya umeme, kwani alteneta hii ina kidhibiti chake ndani.

4. Tandika waya mpya mnene, wa milimita za mraba 10, kutoka alteneta hadi betri, na fyuzi ya ampea 60 karibu na betri. Ampemita ya zamani yenye kikomo cha 30 itolewe, itiwe voltimita.

5. Taa ya chaji isiachwe. Umeme mdogo upitao humo ndio unaoiamsha alteneta.

6. Poli zilingane sawasawa, na mkanda wa feni ukaze. Ukiubonyeza katikati kwa kidole, ushuke kiasi cha sentimita moja.

Kisha pima. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyoshiba husoma volti 12.6. Injini ikienda, isome baina ya 13.8 na 14.4. Ikipita 15, zima mara moja: kidhibiti ni kibovu na betri itachemka. Wala usifungue betri injini ikiwa inakwenda.

Tunaonya juu ya jambo moja. Wako wanaotia alteneta ya ampea 100 wakaacha waya ule ule mwembamba wa dinamo. Waya huo hupata moto, mpira wake ukayeyuka, na nyuma yamepangwa magunia ya karafuu kavu, zilizojaa mafuta. Hapo mtu hupoteza gari na mavuno kwa kubana matumizi kwenye waya.

Maswali ya kujipima: Gari lako lina wati ngapi kwa jumla? Ncha gani ya betri imefungwa kwenye bodi? Waya wa chaji una unene gani? Mwanachama asiyeweza kuyajibu asinunue alteneta bado. Akalitazame gari lake kwanza, msimu haujafika.