Maumivu ya Kisigino: Jina la Ugonjwa na Athari Yake kwa Tiba

Dalili kuu hujitokeza alfajiri. Mgonjwa hushuka kitandani, na mara tu anapokanyaga sakafu huhisi mchomo chini ya kisigino, kana kwamba amekanyaga msumari. Akipiga hatua kadhaa mchomo hufifia; jioni, baada ya kutwa ya kusimama, hurejea. Mpangilio huu aghalabu huyatambulisha maradhi yaitwayo na matabibu plantari fasiitisi vyema zaidi kuliko picha ya eksirei.

Jina la Nakuru huhusishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi. Hata hivyo, mchuuzi wa sokoni, mwalimu wa darasani na mfungaji maua katika mabanda ya Naivasha hukanyaga saruji kutwa nzima, pengine kwa viatu vya soli nyembamba au gambuti zisizouegemeza unyayo. Fasia ni utepe mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, nao hushikilia tao la unyayo kama uzi unavyoshikilia upinde wa mwindaji. Ukivutwa mno bila muda wa kujijenga upya, huchakaa pale unapoungana na mfupa. Usiku mguu hulegea na utepe ukakaza. Ndiyo maana hatua ya kwanza huuma kuliko zote.

Hapa ndipo istilahi inapohusika. Kiambishi tamati -itisi, chenye asili ya Kigiriki, huashiria uvimbe wenye joto na wekundu. Mnamo mwaka 2003, Harvey Lemont na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa tishu za visa 50 vya upasuaji wa kisigino: walikuta nyuzi zilizochakaa, wala si uvimbe wa aina hiyo. Jina limepotoka, na kosa la jina huzaa kosa la tiba. Anayeamini kuwa ana uvimbe hununua vidonge mwezi baada ya mwezi, au hudai sindano ya steroidi, ambayo huweza kuleta nafuu ya majuma machache lakini pia huweza kuufanya utepe ukatike. Wanaosema kuwa “mfupa umeota” nao hawajafika mbali, kwa kuwa kichomozo hicho huonekana pia kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote. “Uchakavu wa utepe wa unyayo” lingekuwa jina refu kidogo, lakini la kweli.

Kilichochakaa hujengwa kwa kutumiwa kwa kiasi. Kabla ya kushuka kitandani, mgonjwa aupandishe mguu unaouma juu ya goti la pili, avute vidole kuelekea muundi, ahesabu hadi 10, na arudie mara 10. Zoezi la pili hufanywa kwenye ngazi: leso iliyokunjwa huwekwa chini ya vidole, kisha kisigino huinuliwa na kushushwa polepole, kila baada ya siku moja. Katika utafiti wa Michael Rathleff na wenzake nchini Denmark, uliochapishwa mwaka 2014, waliofanya zoezi hili walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi 3 kuliko walionyoosha tu. Kufikia mwaka mmoja makundi hayo mawili yalikuwa yamekaribiana. Wagonjwa wengi hupona, ila kwa miezi, si kwa siku.

Kumwambia kibarua anayelipwa kwa siku apumzike ni kama kutomshauri lolote. Afadhali aambiwe asimame juu ya kipande cha mpira au magunia yaliyokunjwa, avae soli nene, na asitembee pekupeku sakafuni. Kukanda kwa maji moto, desturi ya nyumba nyingi, hutuliza; mwenye kisukari asiyehisi miguu yake asithubutu, maana ataungua bila kujua.

Si kila kisigino kiumacho kina uchakavu huu. Kwa mtoto wa kijijini, funza achunguzwe kwanza. Ganzi, homa, au uvimbe baada ya kuanguka huhitaji daktari bila kuchelewa. Hali kadhalika kijana mwenye maumivu ya visigino vyote viwili, ambaye mgongo wake hukakamaa kila asubuhi, asiachiwe mazoezi ya ngazini pekee: huenda ana ugonjwa wa viungo unaohitaji dawa nyingine kabisa.