Kibarua wa kupulizia dawa: bila karatasi bado una haki

SWALI: Mimi ni kibarua kwenye shamba la nyanya. Napuliza dawa kwa solo mgongoni, bila glovu wala barakoa. Msimu uliopita nilitapika na kutetemeka mpaka nikalazwa. Bosi anasema sina mkataba, hivyo matibabu ni juu yangu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana. Bosi wako anachanganya mkataba na karatasi. Kwa Tanzania Bara, mkikubaliana kwa mdomo ufanye kazi akulipe, huo ni mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye aandike masharti ya kazi. Asipoandika, na shauri likafika mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti mnayobishania unamwangukia yeye. Ila kinga hiyo haimhusu anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Kwa hiyo andika kwenye daftari kila siku uliyoingia shambani, na usifute meseji za malipo.

Kuhusu vifaa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwisha mwajiri jukumu la kukupa vifaa kinga vinavyofaa kwa kazi yenyewe. Akigoma, peleka malalamiko OSHA, wakala unaokagua maeneo ya kazi.

Matibabu nayo yana mlango wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unagharamia aliyeumia au kuugua kutokana na kazi: matibabu, fidia ya ulemavu, na malipo kwa wategemezi akifariki. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Ujira wako haupaswi kuguswa. Lakini madai yana ukomo: taarifa itolewe ndani ya miezi 12. Msimu uliopita si mbali, ila siku zinakwenda.

Sasa ushahidi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Mgonjwa anafika zahanati anasema "nilikuwa napuliza dawa ya nyanya", na cheti kinaandikwa homa ya tumbo. Daktari anahitaji jina la sumu iliyomo, nalo liko kwenye lebo ya chupa. Ipige picha kabla ya kuchanganya dawa. Tazama pia mstari wa rangi chini ya lebo: nyekundu ndiyo sumu kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa haina lebo, kwa hiyo hata daktari atabaki kubahatisha. Duka linalouza hivyo liripoti kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), yenye makao makuu Arusha, ambayo ndiyo inayosajili na kudhibiti viuatilifu nchini.

Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, mtafute msaidizi wa kisheria katika eneo lako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni ya bure. Lakini kabla hujamwona, rudi hospitali uliyolazwa, uombe nakala ya taarifa zako za matibabu, kisha uhesabu miezi.