Kunena Maoni na Matumaini kwa Kiingereza

Wasomaji wetu, mtu aandikaye barua kwa lugha ya kigeni ana hatari mbili: kutofahamika, na kufahamika vibaya. Ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mwenyewe hajui kwamba amekosa.

Tuseme daraja la kijiji limelegea, na wazee wamemwomba mwalimu awaandikie ofisi ya barabara, ambayo hupokea barua za Kiingereza. Akiandika The bridge is broken, amesema daraja limevunjika. Fundi akija akalikuta lingali limesimama, wazee wataitwa waongo, na barua yao ya pili haitasomwa kwa haraka. Walilotaka kusema ni hili: We think that the bridge is weak, yaani, twadhani kwamba daraja ni dhaifu.

Neno la kuungia ni that, nalo hufanya kazi ya kwamba au ya kuwa. Kwamba lilitoka katika kitendo cha zamani, kuamba, maana yake kusema. That lilitoka katika neno la kuonyesha kitu, na kazi hiyo lingali nayo. That bridge ni daraja lile. We think that ni twadhani kwamba. Likiwa na maana ya kwamba hutamkwa kwa wepesi, na katika mazungumzo mara nyingi huachwa: I think he is ill. Katika barua, yafaa liandikwe.

Mbele ya that huwekwa neno lenye kupima nguvu ya maoni:

I think that, nadhani kwamba.
I believe that, naamini kwamba.
I am sure that, nina hakika kwamba.
I hope that, natumaini kwamba.
I am afraid that, nachelea kwamba.

Asiye na hakika asiandike I am sure, maana ataulizwa ushahidi.

Sasa tutaje mambo matatu yanayowakosesha wengi.

La kwanza ni kukana. Sidhani kwamba atakuja ni I do not think that he will come. Hapa lugha zote mbili zaenda pamoja. Lakini kwa hope, kukana huwekwa katika sehemu ya pili: I hope that the rain will not spoil the maize. Usiandike I do not hope.

La pili ni nyakati, na hapa ndipo penye makosa mengi. Sisi twasema, Nilitumaini kwamba mvua itanyesha. Kitendo cha kwanza kimepita, cha pili chabaki katika wakati ujao. Mwingereza hukirudisha nyuma na cha pili pia: I hoped that it would rain. Will imekuwa would. Vivyo hivyo is huwa was: Nilidhani kwamba yu mgonjwa, I thought that he was ill.

La tatu ni want na wish. Kwa kuwa twasema Nataka aje, wengi huandika I want that he comes. Si sawa, want haifuatwi na that. Semeni I want him to come. Na wish si hope. I hope that you are well ni natumaini kwamba hujambo. I wish that you were well ni laiti ungekuwa mzima. Amwandikiaye rafiki yake hivyo amekwisha kusema kwamba rafiki ni mgonjwa.

Jaribuni kufasiri maneno haya kabla ya kutazama majibu:

1. Twaamini kwamba watoto watafaulu.
2. Sidhani kwamba kisima kimekauka.
3. Nilitumaini kwamba utajibu.

Majibu:

1. We believe that the children will pass.
2. I do not think that the well has dried up.
3. I hoped that you would answer.

Aliyekosa la tatu na arudie habari za nyakati. Wahenga walisema, heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Nasi twaongeza: kalamu nayo ni ulimi, na neno lake hukaa katika faili miaka mingi.